Muulize Mjomba: IST inashtuka ikibadili gia, fundi anataka ninunue giaboksi nyingine

Shikamoo mjomba, mimi ni msomaji wako wa huku Mtwara mjini, Chikongola, naomba jina langu usiliweke maana fundi ninayemsema hapa tunaishi mtaa mmoja na nasikia naye anasoma hii safu.

Nina IST ile ya zamani, ya mwaka 2004, injini ndogo ya 1.3, oto. Kazi yangu ni kuuza vitenge na madera kwenye magulio, Nanyamba, Tandahimba, Newala, na msimu wa korosho pesa za mnada zikishaingia ndio kabisa gari haipumziki, viti vya nyuma nimevilaza marobota yamejaa mpaka juu, kwa hiyo hii gari ndio duka langu mjomba, ikilala na mimi nimelala.

Sasa tatizo lenyewe. Asubuhi nikiwasha nikatoa P kuweka D gari haishiki hapo hapo, inakaa, unaweza kuhesabu moja mbili tatu, halafu dukuu! inaingia kwa kishindo mpaka vitu vya kwenye dashibodi vinaanguka. Ikishaondoka, gia ya kwanza kwenda ya pili siyo mbaya sana, ila ya pili kwenda ya tatu mlio wa injini unapanda, mshale wa RPM unapanda, spidi haiongezeki, ukitaka kuondoa mguu kwenye mafuta ndio inakamata ghafla na kuruka mbele. Nikirudi rivasi nikaweka D tena inagonga. Barabara tambarare ikishapata moto inatulia kidogo unaweza kusahau kabisa. Ila mlimani mjomba ni balaa, juzi nilikuwa napanda ule mlima wa kuingilia Newala ukitokea Masasi nina mzigo, injini inapiga kelele gari haiendi, watu wa bodaboda wananipita wananiangalia, nikasogea pembeni nikazima, nikakaa mpaka ikapoa, kuwasha ikaenda.

Na siku hiyo nikaona kitu kingine, kuna taa imeandikwa O/D OFF huwa inawaka muda wote tangu ninunue hii gari, niliuliza nikaambiwa ni ya kawaida, sasa siku ile mlimani haikutulia, ilikuwa inawaka inazima inawaka inazima. Mafuta nayo inakula sana kuliko IST ya rafiki yangu japo yeye anayo ya 1.5.

Fundi alizunguka nayo mara moja tu mpaka Ligula na kurudi, hakufungua chochote, akasema giaboksi imekufa, nimpe milioni moja na laki mbili aagize nyingine Dar, Gerezani. Kabla ya hapo mwezi uliopita alishawahi kuniongezea haidroliki, aliitoa kwenye kidumu hakina hata lebo, ikakaa vizuri kama wiki hivi ikarudi kule kule. Shemeji yangu yuko Masasi anasema nisimsikilize huyo, kwanza nitoe waya wa betri usiku kucha gari ijisahaulishe, ikishindikana atakuja na pikapu anifunge kamba anivute mpaka kwa fundi wake Masasi. Jirani naye ananiambia chochote nitakachofanya nisibadilishe oili ya giaboksi maana ukibadilisha ya zamani ndio unaiua kabisa, ilimtokea yeye na Premio. Mume wangu yeye anataka tuiuze hivyo hivyo kwa bei yoyote.

Niseme ukweli milioni ninayo ila ndio mtaji wa msimu. Nifanyeje mjomba, imekufa kweli?

Nilitaka kusahau, pale ninapopaki nyumbani kuna alama ya oili nyekundu sakafuni, mbele upande wa kushoto, siyo nyingi, huwa naweka boksi lisichafue.

Mwenye IST, Chikongola


Marahaba mpwa wangu. Barua yako nimeisoma yote ila jibu liko huko mwisho ulikotaka kusahau, kwenye hilo boksi. Oili ya injini haiwi nyekundu. Oili nyekundu kwenye IST yako karibu kila mara ni ya giaboksi, na giaboksi ya hiyo gari imekaa upande wa kushoto, hapo hapo inapodondokea. Kwa hiyo kabla hatujaongea habari ya Gerezani, gari yako inavuja oili ya giaboksi, na aliyekupa bei ya milioni moja na laki mbili hajachomoa hata dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Mtu ambaye hajaiona oili hawezi kukwambia giaboksi imekufa, anabahatisha kwa mtaji wako.

Ngoja nikueleze kwa nini nasema hivyo ili usinikubalie tu kwa sababu mimi ni mjomba. Giaboksi ya oto haina pedali ya klachi, ndani yake kuna pampu inasukuma oili kwa presha, na hiyo presha ndiyo inayobana zile klachi pleti ili gia ishike. Oili ndiyo inafanya kazi ambayo kwenye manual inafanywa na mguu wako. Oili ikipungua, ukiweka D asubuhi pampu inachukua muda kujaza njia zake, ndio huko kuhesabu moja mbili tatu, halafu presha ikifika kwa pamoja unapata dukuu. Ya pili kwenda ya tatu hivyo hivyo, presha haitoshi pleti zinateleza, RPM inapanda, wewe unapunguza mguu mzigo unakuwa mdogo, zinakamata, gari inaruka. Mlimani oili kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, na pampu inaanza kuvuta hewa, umeshawahi kunyonya dafu kwa mrija likikaribia kuisha, linavyokoroma, ndio hivyo. Hewa ikiingia oili inatoa povu, na povu halibani kitu. Ukasimama, povu likatulia, ikaenda.

Na ushahidi mkubwa kuliko wote umeuandika wewe mwenyewe, alipoongeza kidogo ikakaa vizuri wiki. Giaboksi iliyokufa haiponi wiki nzima kwa oili ya kuongeza halafu ikaugua tena. Hiyo iliyopona ilikuwa na njaa, na iliporudi ni kwa sababu iliendelea kuvuja kwenye boksi lako. Fundi akaona ameongeza, imerudi, akaruka moja kwa moja kwenye giaboksi nyingine, hapo katikati kuna hatua nyingi ameziruka.

Sasa siyo kwamba nakuhakikishia ni nzima. Ukiendesha na oili pungufu muda mrefu, na mzigo, na mlima, pleti zinaungua. Hilo tutalijua kwa kuangalia, na kuangalia kwenyewe unaweza kufanya wewe bila fundi, gari yako bahati nzuri ni ya zama zile zenye dipstiki ya giaboksi.

Endesha kwanza mpaka ipate moto vizuri, siyo dakika mbili za kutoka nyumbani, oili inatakiwa ifike nyuzi 70 mpaka 80 ndio kipimo kinasoma sawa. Paki sehemu tambarare kweli kweli, siyo mchangani tairi moja limezama. Injini ikiwa inawaka, mguu kwenye breki, hendibreki juu, pitisha gia pole pole kutoka P mpaka L ukitua kidogo kila moja, rudisha P. Usizime. Hapo ndio wengi wanakosea, wanazima kama wanavyopima oili ya injini na kipimo kinadanganya. Fungua boneti, chomoa dipstiki ya giaboksi, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ingiza mpaka mwisho, chomoa tena usome. Kuna alama za baridi na alama za moto, COOL na HOT, wewe soma ya HOT. Ikiwa chini ya hapo au kijiti kimetoka kikavu, basi umeshapata jibu la nusu ya barua yako.

Halafu usirudishe kijiti haraka. Pangusa ile oili kwenye tishu nyeupe uiangalie juani. Ikiwa nyekundu au inaelekea kahawia ila unaona mwanga unapita, bado kuna matumaini makubwa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ile harufu huwezi kuikosea, pleti zimeshaanza kuliwa na hapo maneno ya fundi wako yanaanza kupata uzito. Ikiwa ya waridi yenye ukungu inafanana na maziwa, zima gari usiiendeshe kabisa, maji yameingia, na mara nyingi yanatoka kwenye rejeta maana mabomba ya kupooza oili ya giaboksi yanapita humo humo ndani ya rejeta. Huku kwetu pwani hili nalitaja makusudi kwa sababu watu wanajaza rejeta maji ya kisima yana chumvi, wanaona kulanti, yale maji maalum ya rejeta, ni anasa, chuma cha ndani kinatoboka maji yanakutana na oili. Rejeta mpya ni pesa kidogo sana ukilinganisha na kitakachofuata.

Ukishajua kiwango na rangi, sasa mtafute fundi, mwingine kama huyu hana subira, apandishe gari juu atafute panapovuja. Kwa upande wa kushoto mimi ningeanza kuangalia oili sili, ile raba ya kuzuia oili, ya shafti ya kushoto, pale shafti ya tairi inapoingia kwenye giaboksi, inachakaa na umri na gari yako ina zaidi ya miaka 20. Kisha gasketi ya sampu, kisha zile hosi za kwenda kwenye rejeta zinapobanwa na klempu. Sili na gasketi ni spea za bei ndogo, Mtwara hapo hapo zinapatikana au zinakuja na basi kesho yake. Nasisitiza azibe kwanza ndio mjaze, usikubali kuongeza oili juu ya kidonda kinachovuja, utakuwa unanunua oili ya kumwagilia sakafu.

Haya tuje kwenye kile kidumu kisicho na lebo, hapa mpwa wangu nimekasirika kidogo. Huku kwetu kila kitu chekundu kinaitwa haidroliki, ya stelingi haidroliki, ya giaboksi haidroliki, ya tipa haidroliki, na inauzwa kwa kupimiwa. Giaboksi ya oto inachagua. Zile pleti zimetengenezwa ziteleze kwa kiasi na zishike kwa kiasi kulingana na aina ya oili, ukiweka nyingine gia zinaweza kushtuka hata kama giaboksi nzima kabisa na oili imejaa. Toyota nyingi za wakati huo zinataka Type T-IV, lakini usichukue kwangu, soma kwenye dipstiki yenyewe, mara nyingi imegongwa pale juu ya chuma aina ya oili, au angalia kitabu cha gari kama kilikuja nayo hata kama ni cha Kijapani herufi hizo utaziona. Nunua ya kopo lililofungwa, limeandikwa aina hiyo, ufungue wewe. Kwa kuwa ndani kuna kitu hatukijui, mimi nisingeongeza juu yake, ningemwaga.

Hapo ndio jirani yako na Premio anaingia. Hii habari ya kwamba ukibadilisha oili ya zamani unaiua giaboksi imezunguka nchi nzima na ina kaukweli ndani yake ndio maana haifi. Mtu anaendesha miaka hajabadilisha, gia zinaanza kuteleza, ndio anakumbuka oili. Kwa wakati huo pleti zimeshaisha, anabadilisha, wiki inayofuata gari inagoma, lawama inapewa oili mpya. Ilikuwa inakufa hata hivyo. Na kuna wengine wanaisafisha kwa mashine ya presha, uchafu uliotulia chini miaka kumi unatibuliwa unaenda kuziba vile vitundu vidogo vya valvu bodi, sehemu inayogawa oili kwenye gia, na valvu bodi ikiziba gia zinachanganyikiwa kweli. Kwa hiyo wewe usipige presha. Mwaga kwa nati ya chini ya sampu, itatoka lita tatu hivi, yaani chini ya nusu maana nyingine imebaki kwenye toki konvata, ile inayounganisha injini na giaboksi kwa oili, na kwenye njia. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hicho hicho pamoja na kile kilichokuwa kinapungua, pima tena kwa dipstiki ikiwa ya moto, usizidishe maana ikizidi nayo inatoa povu. Endesha wiki mbili mjini, rudia tena. Kwa mara mbili au tatu unakuwa umeibadilisha sehemu kubwa bila kuishtua.

Na safari ya kwanza mwambie afungue sampu kabisa, asiishie kwenye nati. Ndani kuna filta na kuna sumaku ndogo zimekaa chini. Sumaku zikiwa na tope laini la kijivu ni kawaida, ndio uchakavu wa miaka yote hiyo. Ukiona vipande vya chuma vinavyong'aa, au vipande vyeusi vya pleti, mwambie asimame mpige picha, hapo hakuna sababu ya kuweka filta mpya kwenye kitu kinachosagika. Simama pale pale wakati anafungua sampu, usiende kunywa chai, hilo ndilo tukio moja la kuliona kwa macho yako kwenye kazi nzima.

Taa ya O/D OFF siyo ya kawaida hata kidogo, huyo aliyekwambia hivyo alikuwa anataka uondoke. Pembeni ya lever ya gia kuna kitufe kidogo unakifikia kwa kidole gumba. Kikiwa kimebonyezwa taa inawaka moja kwa moja na gari haiingii gia ya nne, ndiyo hiyo O/D yaani overdrive, inaishia ya tatu. Inawezekana aliyekuuzia alikibonyeza na wewe hujawahi kukigusa, kwa hiyo toka ununue unakwenda Newala na gia tatu, injini inazunguka zaidi ya inavyotakiwa, ndio maana 1.3 yako inakula kuliko 1.5 ya rafiki yako. Bonyeza taa izime, barabara tambarare itembee hivyo. Unapopanda mlima na mzigo ndio unabonyeza tena iwake, hapo inakusaidia gari isihangaike kupanda na kushuka gia, na hata kuteremka inakusaidia kushika. Ukibonyeza na taa ikagoma kuzima, au gia ya nne haiingii hata hivyo, basi tatizo siyo kidole, ni waya au kitufe chenyewe.

Kupepesa ni kitu kingine kabisa. Kwenye Toyota za namna hiyo ile taa ikipepesa kompyuta inakwambia imeona kosa kwenye umeme wa giaboksi na imeliandika. Inaweza kuwa solenoidi, zile swichi za sumaku zinazofungua na kufunga njia za oili, inaweza kuwa sensa ya spidi, inaweza kuwa waya umeliwa na chumvi. Kodi zake, yaani namba za makosa, zinasomeka kwa mashine, wenye mashine wapo Mtwara na hata kale kadogo ka bluetooth ka kuchomeka kanaweza kusoma baadhi. P0750 na P0755 ni solenoidi, P0500 ni sensa ya spidi, P0710 ni sensa ya joto la oili. Solenoidi inabadilishwa peke yake bila kushusha giaboksi nzima, zinafikiwa ukishashusha sampu, ndio maana nikasema sampu ifunguliwe. Mtu anayekwambia "sensa" bila kukuonyesha namba kwenye skrini, muulize namba gani, uandike.

Sasa unaona ubaya wa ushauri wa shemeji. Ukitoa waya wa betri usiku kucha unafuta hizo kodi, ule ushahidi wa siku ya mlimani unapotea na inabidi tusubiri ikuharibikie tena njiani ndio tujue. Betri ije baada ya kusoma kodi, siyo kabla. Halafu ukitoa betri kompyuta inasahau ilivyokuwa imejifunza kubadili gia, siku chache za mwanzo inaweza kushtuka zaidi mpaka izoee tena, utapata presha ya bure.

Kule kugonga ukitoka rivasi kwenda D, usikuweke kwenye kapu la giaboksi bado. Angalia mauntingi, zile raba zinazoshika injini na giaboksi. Zikikatika injini inaruka kila ukibadili R na D na unasikia kishindo cha chuma. Fungua boneti, mtu mmoja akae ndani akanyage breki kwa nguvu abadilishe D, R, D, mwingine asimame pembeni, pembeni nimesema siyo mbele, aangalie injini inavyonyanyuka. Ikiyumba kidogo sawa, ikinyanyuka inataka kutoka, umepata. Marobota yako na zile barabara za vumbi na mashimo mauntingi haziishi kwa amani. Na mwambie avute plagi aziangalie na asafishe throto, ule mlango wa hewa ya injini, injini ikiwa inakata kata unaweza kuapa ni giaboksi kumbe ni plagi na koili, gari inasita sita ukikanyaga mafuta. Kwako sidhani ndio ugonjwa mkuu kwa sababu RPM inapanda, injini yenye plagi mbovu haipandi hivyo, ila ni ukaguzi wa dakika chache.

Ikitokea oili ni nyeusi, inanuka, sumaku zimejaa vipande, basi fundi wako alibahatisha akapatia, na kununua ya mtumba kutoka Dar ni jambo la kawaida, wengi wanafanya na gari zinaenda. Ila usiseme tu "giaboksi ya IST". Kuna kibati cha Toyota kwenye gari, boneti au mlangoni, kina mstari umeandikwa TRANS/AXLE, piga picha umtumie muuzaji, maana ya 1.3 na ya 1.5 hazifanani hesabu za ndani, ya 4WD ni nyingine kabisa, na IST mpya yenye CVT, giaboksi ya oto isiyo na gia za hatua, hata haiongei lugha moja na yako. Ije na toki konvata yake. Muda wa majaribio uandikwe kwenye risiti, ikipanda basi kuja Mtwara kilomita zaidi ya 500 kuirudisha siyo mchezo. Sili za shafti weka mpya zikiwa bado nje, na hizo oili unazonunua usikubali fundi ajaze kwa makadirio. Bei ya spea iwe mbali na bei ya kazi, hiyo milioni na laki mbili ya mkupuo hujui ipi ni ipi.

Kamba ya shemeji hapana. Gari yako inaendeshwa na tairi za mbele, ukiivuta tairi za mbele zikizunguka chini wakati injini imezimwa pampu ya oili haifanyi kazi, vyuma vinazunguka bila kulainishwa. Kutoka barabarani kuingia gereji polepole sawa, Mtwara mpaka Masasi ni kama kilomita 200, ikifika huko mtakuwa mmeua mlichokwenda kuponya. Kama lazima iende ipande juu ya gari kubwa au tairi za mbele zinyanyuliwe. Lakini hakuna kitu hapa kinachohitaji Masasi, kupima oili, sili, sampu na kodi vyote vinafanyika hapo mjini.

Kabla sijamaliza, wenye IST za 2007 kuja juu, Dualis, X-Trail za umbo la pili na Noah za miaka ya mwisho mlioniandikia kutoka Lindi na Nachingwea, haya ya mpwa wangu msiyachukue yote. Nyingi za kwenu ni CVT, hazina pleti za gia hizi, zina mkanda wa chuma, na haidroliki nyekundu ya kawaida mkiweka humo mnaua mkanda. Zina oili zake, Nissan wana NS-2 na NS-3, Toyota wana CVT TC na FE, na nyingi hazina hata dipstiki, zinapimwa kwa nati maalum gari ikiwa juu na joto lake limefika, hiyo siyo kazi ya kufanya uwanjani kwa mama.

Mpwa wangu, mume wako mwambie asubiri kidogo na tangazo la kuuza. Kwa gulio la wiki hii marobota yapande Hiace, wewe gari itembee mjini tu bila mzigo mpaka upime. Ukishapima niandikie vitu vitatu, kiwango kimesoma wapi kwenye HOT, rangi ya tishu, na kodi ulizosoma, na tishu yenyewe ipige picha juani, siyo chini ya taa ya gereji.